Skripti yangu inakusanya bei za washindani bila eroo hata moja, ila bei sio zenyewe

kibindo_data

Habari za saa hizi wakuu. Mi nauza vifaa vya kompyuta mtandaoni, kibodi, mausi, diski za SSD, adapta na vikorokoro vingine, na miaka yote bei za washindani nilikuwa naziangalia kwa mkono, yani asubuhi nafungua saiti moja baada ya nyingine naandika kwenye Excel. Bidhaa zangu ni 340 na washindani ninaowafuatilia ni wanne, kwa hiyo kurasa 1360, sasa piga picha. Mwezi uliopita nikajifunza Python kidogo nikaandika skripti kwa requests na Beautiful Soup (maktaba za Python, moja inavuta kurasa, nyingine inachambua HTML), wiki ya kwanza ikaenda vizuri nikajiona nimeshayamaliza.

Sasa yamekuja matatu kwa mpigo. Saiti moja ilianza kunirudishia msimbo wa eroo 429, siku mbili baadae ikawa 403, yani umekataliwa, moja kwa moja. Ya pili ukurasa unakuja mtupu, bei haipo, wakati nikifungua kwa brauza naiona hii hapa. Ya tatu ndo inaninyima usingizi, bei zinakuja zote, hakuna eroo, ila zingine haziendani na zilizopo kwenye saiti. Kuna SSD moja nilijua naiuza rahisi kuliko wote kumbe mi ndo ghali kuliko wote, na sikugundua mwenyewe, ni mteja aliniuliza mbona umekomaa hivyo na bei. Wiki tatu zimepita hapo.

Kuna wanaoniambia ninunue proksi, sava za kati za kuficha anwani yangu, kuna wanaoniambia niache kabisa ntafungwa. Mnaofanya hii kazi kila siku mnafanyaje?

mlinzi_wa_sava

Mi nipo upande wa pili mkuu, natunza sava za duka la mtandaoni, kwa hiyo nakwambia sisi tunavyokuona.

429 maana yake unaomba kwa kasi mno. Hapo bado ni heshima, mara nyingi jibu linakuja na Retry-After, namba ya sekunde za kusubiri au saa ya kurudi. Skripti yako nina hakika haikuisoma, ikaendelea kugonga mlango, ndo maana ukapewa 403, hapo sasa kuna mtu au kifaa kimeamua hakutaki. Ukikimbilia proksi unakuwa umejibu "sitaki kusikia", na sisi huku tunaona tu anwani 200 tofauti zote zinafungua bidhaa zilezile 340 kwa mpangilio uleule, wala haihitaji utaalamu kujua ni mtu mmoja.

Halafu fanya hesabu kabla hujanunua chochote. Kurasa 340, ukipumzika sekunde 5 kati ya ukurasa na ukurasa ni sekunde 1700, yani dakika 28 na ushee. Washindani wanne unaweza kuwapitia kwa pamoja sababu ni sava tofauti. Nusu saa usiku umemaliza, haraka ya nini? We unataka bei ya leo, hauendeshi soko la hisa.

Siku moja boti ilitushusha saiti, na haikuwa hata na nia mbaya. Ilikuwa inafuata linki za vichujio, rangi hii, saizi ile, panga kwa bei, panga kwa jina, kila mchanganyiko ni ukurasa mpya na kila ukurasa unaenda kuuliza databesi upya. Bidhaa elfu mbili zikageuka kurasa laki kadhaa. Kwa hiyo usiingilie kwenye kurasa za kutafuta wala vichujio, anzia sitemap.xml, orodha ya kurasa za saiti, faili moja inabeba mpaka linki 50,000 na wengi wanaweka lastmod, tarehe ya mabadiliko ya mwisho, utajua ukurasa gani umebadilika hata kabla hujaufungua. Na kama saiti inatoa ETag, alama ya toleo la ukurasa, itunze, ukirudi kesho uitume kwenye If-None-Match, kama hakuna jipya utajibiwa 304 bila mzigo wowote.

Na soma robots.txt, faili ya saiti yenye maelekezo kwa maboti. Ilianza 1994, wazo la Martijn Koster, ikaishi kama makubaliano ya kiungwana tu mpaka 2022 ndo ikaandikwa rasmi kama RFC 9309, hati ya viwango vya intaneti. Sio kufuli, hakuna kinachokuzuia kuipita, ila inakwambia mwenye nyumba hataki uingie chumba gani. Mwisho, badilisha User-Agent, yale maneno skripti inayojitambulisha nayo kwa sava, usiache ile ya python-requests, weka jina la boti yako na imeili. Mi nikiona imeili naandika kwanza kabla ya kufunga. Nisipoiona nafunga naenda kulala.

Dada_Jedwali

Mlinzi kamaliza la kwanza, mi nachukua mawili yaliyobaki.

Ukurasa mtupu: requests haiendeshi JavaScript, inachukua HTML kama ilivyotoka kwenye sava basi. Saiti yako bei inaletwa baadae na skripti ya kwenye brauza. Watu wengi hapo wanakimbilia Playwright au Selenium, zana za kuendesha brauza kwa skripti, zinafanya kazi ndio, ila unafungua brauza nzima kwa ajili ya namba moja, RAM inaliwa na kasi inakufa. Kabla hujafika huko bonyeza F12, nenda Network, chuja Fetch/XHR, pakia ukurasa upya, angalia kinachopita. Mara nyingi utakuta ombi moja linarudisha JSON (data iliyopangwa kwa ajili ya programu) safi kabisa, bei, stoo, jina, vyote vimejipanga.

La pili la kuangalia, na hili usiliruke, fungua chanzo cha ukurasa utafute application/ld+json. Maduka mengi yanaweka humo taarifa za bidhaa kwa mpangilio wa schema.org, ule ulioanzishwa 2011 na Google, Microsoft na Yahoo, wanaweka ili injini za kutafuta ziwasome. Inakuwa hivi:

"offers": {"price": "84.90", "priceCurrency": "USD", "availability": "https://schema.org/InStock"}

Hiyo haijali wamebadilisha muonekano wa saiti mara ngapi.

Sasa SSD yako. Ngoja nibashiri, umeandika select_one('.price') au kitu cha namna hiyo?

kibindo_data

Dada umeniona kwenye kamera au? Ndo hivyohivyo.

Dada_Jedwali

Hahaha wote tumepita hapo. select_one inakupa ya kwanza inayokutana nayo. Siku za kawaida bei ni moja tu kwenye ukurasa kwa hiyo unapata sahihi. Mshindani akishusha bei, saiti inaweka mbili, ile ya zamani iliyokatwa mstari inatangulia, mpya inafuata. We unasoma iliyokatwa mstari. Yani skripti yako ilikuwa sahihi siku zote ambazo hukuihitaji, na siku ileile mtu anakupiga bei ndo inakudanganya. Na haitakupa eroo maana kwa yenyewe hakuna kosa, imeombwa bei imeleta bei.

Kuna ndugu yake mwingine, bidhaa zenye saizi tofauti. Ukurasa mmoja una 500GB, 1TB na 2TB, bei inayoonekana juu ni ya ile ndogo, we umeandika kwenye jedwali lako ni 1TB. Angalia na hizo.

Tiba niliyobaki nayo mimi ni kuchukua bei sehemu mbili, ld+json na ile inayoonekana kwa macho, zisipolingana mstari unawekwa pembeni nauangalia mwenyewe. Hata ld+json usiiamini peke yake, kuna saiti wanasahau kuibadilisha ofa ikiisha.

kipimo_sawa

Naongezea hapo kwa Dada maana watu wanadhani kazi ni kuvuta kurasa. Kuvuta ni jioni moja. Kazi ni kujua kwamba hiki na kile ni kitu kimoja.

Usilinganishe kwa majina. Huyu kaandika "kibodi isiyo na waya nyeusi", yule kaandika namba ya modeli tu, wa tatu kachanganya na rangi, ukitumia programu ya kufananisha maneno itakuunganishia kibodi na kava lake sababu maneno tisa kati ya kumi yanafanana. Tafuta GTIN, ile namba ya tarakimu 13 ya chini ya msimbopau, kwenye ld+json mara nyingine ipo kama gtin13. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, inakokotolewa kutoka kwenye zile 12 za mwanzo, kwa hiyo namba iliyokosewa unaikamata hapohapo. Isipokuwepo tumia namba ya modeli ya mtengenezaji. Ikikosekana nayo, kaa chini uoanishe kwa macho, 340 sio nyingi na unafanya mara moja tu.

Bei itunze kama maandishi ilivyokuja, halafu ndo uigeuze namba kwenye safu nyingine. 1.299,00 na 1,299.00 ni pesa ileile kwa mitindo miwili, ukiisoma vibaya unapata moja nukta tatu, nilishawahi kuona wastani wa soko umeporomoka nusu kwa ajili ya nukta. Na hapohapo acha kutumia wastani, tumia bei ya katikati, ile ya kati ukizipanga toka ndogo mpaka kubwa, kichaa mmoja hawezi kuiyumbisha. Weka pia kama kodi imo au haimo, usafirishaji umo au haumo, na kama mzigo upo. Bei ya kitu ambacho hakipo stoo sio bei, ni kumbukumbu, usiifukuzie.

Na HTML ghafi itunze hata ya siku 30. Siku ukigundua skripti ilikuwa inasoma namba siyo, unarudi kusoma upya mafaili yako, huendi kuomba msamaha kwa sava za watu. Wewe zile wiki tatu zako zimepotea moja kwa moja, si ndio?

Halafu tafadhali sana skripti isibadilishe bei zako yenyewe. Mwaka 2011 pale Amazon kulikuwa na kitabu cha biolojia kuhusu nzi, wauzaji wawili kila mmoja ana programu inayomwangalia mwenzake. Mmoja anaweka bei mara 0.9983 ya mwenzie, awe chini kidogo. Mwingine anaweka mara 1.27 ya huyo. Kila siku wanapandishana, kikafika zaidi ya dola milioni 23. Hakuna binadamu aliyekuwa anaangalia. Weka kengele tu, bei ikiruka zaidi ya asilimia 30 au bidhaa zilizopatikana zikishuka ghafla toka 340 mpaka 200, ikuandikie ujumbe uamue mwenyewe.

nafasi_ya_kwanza

Samahani nadandia uzi, mi sihitaji bei nahitaji kujua saiti yangu inatokea nafasi ya ngapi Google, nikivuta kurasa za matokeo si ni njia hiyohiyo?

mlinzi_wa_sava

Sio njia hiyohiyo hata kidogo. Robots.txt yao inakataza /search, na toka Januari 2025 hawakupi matokeo bila JavaScript, Septemba mwaka huohuo wakaondoa na ile num=100 iliyokuwa inaleta matokeo mia kwa mkupuo. Kwa saiti yako mwenyewe kwani Search Console, zana ya Google kwa wenye saiti, ina nini? Ni bure, ina maneno watu waliyotafuta, nafasi na mibofyo, miezi 16 nyuma. Kuvuta kwa nguvu kitu ambacho mwenyewe anakupa mkononi ni kujitafutia kazi.

kifungu_cha_tatu

Hili la kufungwa limeachwa hewani. Mi sio wakili wako, naeleza kilichotokea. Kesi inayotajwa sana ni hiQ na LinkedIn kule Marekani, hiQ ilikuwa kampuni inayovuta data za wasifu wa LinkedIn. Watu wanaishia Aprili 2022, mahakama ya rufaa iliposema kukusanya data iliyo wazi kwa kila mtu kunaonekana sio udukuzi kwa sheria yao ya kompyuta, wanashangilia wanafunga ukurasa. Hawasomi Novemba ya mwaka uleule, mahakama ya chini ilisema hiQ ilivunja masharti ya matumizi iliyoyakubali, na Desemba yakaisha kwa hukumu ya dola 500,000 dhidi ya hiQ. Ulaya nako kesi ya shirika la ndege la Ryanair na PR Aviation, saiti ya kulinganisha bei za ndege, 2015, mahakama ya haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hata kama kanzidata hailindwi na hakimiliki, mwenye saiti anaweza kukubana kwa mkataba.

Kwa mtu wa bei kama wewe maana yake ni kwamba mstari unavuka pale unapofungua akaunti na kubofya "nakubali". Kaa nje ya login. Na usichukue majina ya watu kwenye maoni ya wateja, hata kama yapo wazi, hapo unaingia kwenye sheria za data binafsi, GDPR ya Ulaya inafanya kazi toka Mei 2018 na nchi nyingi zina zake. Bei haina jina la mtu, kaa na bei.

kibindo_data

Nimerudi wakuu. Ilikuwa hiyohiyo ya mstari, kati ya 340 nimekuta 27 zinasomwa bei ya zamani na SSD ni mojawapo. Mbili zilikuwa ni saizi tofauti kabisa, nalinganisha 1TB yangu na 500GB ya mtu. Ile saiti tupu kweli ina JSON yake, ombi moja linaleta bidhaa 48, kazi ya nusu saa imekuwa dakika moja.

Ile ya 403 nimewaandikia imeili nikajieleza nafanya nini na mara ngapi kwa siku. Hawajajibu, nimeitoa, nabaki na watatu. Proksi sijanunua. HTML ghafi naanza kutunza leo, faili naliita kwa jina la bidhaa na tarehe, kipimo_sawa hapo iko sawa?

kipimo_sawa

Weka na saa mkuu, tena ya UTC, saa ya kimataifa. Kuna wanaobadilisha bei saa sita usiku kamili, na we skripti yako si ndo umesema usiku?

kibindo_data

Saa sita kasoro dakika tano 😂 naihamisha sasa hivi.