Naomba ushauri: mashine yetu ya kusaidia kupumua inapandisha presha kupita kiasi
Wakuu, heshima kwenu. Tuko wanafunzi wanne wa uhandisi, chuo kimefungwa kwa korona, tunaunda mashine ya kusaidia kupumua kwenye gereji ya mjomba. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipoonyesha ya kwao Aprili hii, 2020, tulipata moyo sana.

Yetu inaminya mfuko wa Ambu (ule wa kuminywa kwa mkono kumsukumia mgonjwa hewa) kwa mikono miwili ya mbao, inaendeshwa na mota ya waipa ya gari. Mara 15 kwa dakika, mililita 450 hivi kila pumzi; tumepima kwa chupa iliyopinduliwa ndani ya ndoo ya maji.

Shida ni presha. Tukibana mrija kidogo, kama vile pafu limekakamaa, maji kwenye mpira wa kupimia presha, tuliopinda kama herufi U, yanapanda kupita sentimita 40. Daktari mmoja alitusihi tusivuke 30, pafu litaumia. Vali ya kuachia hewa hatujaipata madukani. Je, mrija uliozamishwa sentimita 30 ndani ya maji unatosha kuachia hewa ya ziada, au lazima sensa ya kuzima mota? Jana, baada ya masaa 6 mfululizo, mota ilianza kunuka kuungua.

Wauguzi wa ICU na mafundi wa vifaa tiba, tafadhali nielekezeni. Hatutamwekea mgonjwa yeyote kabla haijakaguliwa.