Binti kapata nafasi ya IB ila anataka udaktari. Aende au abaki PCB?

Mama Wawili
Wadau, habarini. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, kachaguliwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) shule ya serikali. Juzi akapata ufadhili wa kusoma diploma ya IB, ule mtaala wa kimataifa wa sekondari, hapahapa nchini, miaka miwili. Karatasi waliyonipa ina visanduku sita: lugha yako, lugha nyingine, somo la jamii, sayansi, hisabati, sanaa. Sayansi kisanduku kimoja! Na huyu tangu darasa la tatu anawafunga bandeji mbuzi wa bibi yake, anaitaka Muhimbili. Baba yake kasema masomo sita ni kushika mawili kwa miguu. Nishaurini.

Mzee wa Kombi
PCB. Njia imenyooka, unatafuta kona ya nini?

Meno ya Kahawia
Shikamoo mama. Mimi nimeipitia, na jina langu hilo lina sababu yake: nimekulia Maji ya Chai, Arumeru, maji yetu yana floraidi nyingi, meno ndiyo haya. Kule kila mwanafunzi anaandika insha ya utafiti, mwisho maneno 4,000. Yangu ilihusu maji hayo. Nilibeba chupa kumi na moja kwenye daladala, konda akanidai nauli ya mzigo. Nikiwa PCB nisingeigusa kazi ile, ningekuwa nakariri past pepa.

Masomo matatu unayasoma ngazi ya juu, saa 240 kila moja, na matatu ngazi ya kawaida, saa 150. Kila somo alama 7, ndiyo 42. Insha na nadharia ya maarifa zinaongeza 3, inafika 45. Diploma inaanzia 24.

Sasa udaktari. Kisanduku cha sanaa anaweza kukibadilisha akachukua sayansi ya pili, kwa hiyo kemia na baiolojia anazipata. Fizikia ndiyo inabaki nje, na udaktari hapa nchini unazitaka zote tatu. Upo mlango: kuombewa kibali cha sayansi tatu, aache somo la kisanduku kingine. Shule haina mamlaka ya kukitoa, wanatoa IB wenyewe, na wanataka ushahidi wa maandishi kwamba chuo ndivyo kinavyodai. Mimi mratibu wetu aliniambia "tutaona". Tukaona mwaka wa pili, muda umeshapita. Leo nasoma mambo ya mazingira. Nayapenda, ila sikuyachagua.

Mama Wawili
Marahaba mwanangu, pole. Hiyo nadharia ya maarifa ni dini?

Meno ya Kahawia
Hapana mama 😂 Ni kuulizana umejuaje hicho unachosema unakijua. Wiki ya kwanza utaona wanakupotezea muda. Halafu chukua sifa za kujiunga na udaktari kwenye mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu), zichapishe, nenda nazo kabla hajachagua masomo. Kibali kiwe mkononi, ahadi ya mdomo usiikubali. Wakikataa, PCB bado ipo. Matokeo yakitoka, mpeleke NECTA (baraza la mitihani) wayalinganishe na ya kidato cha sita. Na Kiswahili achukue fasihi, asidanganywe kwamba ni somo jepesi.

Mzee wa Kombi
Kumbe kona ina kibao. Nimenyamaza.

Mama Wawili
Nimemsomea baba yake yote. Kauliza kitu kimoja tu: nauli ya likizo analipa nani?

Meno ya Kahawia
Mwambie naye aidai kwa maandishi.