Ninakili picha ipi kwanza ili nijifunze kuchora sura za watu?

Kijana wa Katuba: Jambo wakubwa. Hapa Lubumbashi nachora mabango ya maduka. Sasa nataka kujifunza sura ya mtu kwa rangi ya mafuta, kwa kunakili picha moja ya zamani mpaka niielewe. Nilifikiria Msichana Mwenye Hereni ya Lulu wa Vermeer, yule mchoraji Mholanzi wa zamani, ila watakaokuja kuchorwa kwangu ni watu weusi. Ngozi ile itanifundisha nini? Nisaidieni kabla sijanunua turubai, rangi ni ghali.

Yaya Kamalondo: Mdogo wangu, anza na picha ya Juan de Pareja. Mchoraji Mhispania Velázquez alimchora Roma mwaka 1650. Pareja alikuwa mtumwa wake, mwenye asili ya Kiafrika, na mwaka huohuo aliandikiwa hati ya uhuru. Naye alikuwa mchoraji! Picha iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na wanaruhusu kuipakua bure. Ikuze kwenye simu utazame paji la uso: mwanga unateleza juu ya kahawia, na weupe ni kidogo sana. Rangi nyeusi ya kopo iache kando. Kivuli kipate kwa kahawia iliyokolea na buluu ya ultramarini, joto la shavu kwa siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) na oka (njano ya udongo). Ukikimbilia nyeupe, ngozi inageuka majivu. Nimeona sura nyingi za wazee wetu zikiharibiwa hivyo, na inaniuma.

Mama Burashi: Nakubali, lakini Vermeer usimtupe. Tazama pua ya yule msichana: upande wa shavu la mbali hakuna mstari, rangi zimeungana tu. Mtu wa mabango anahitaji somo hilo, maana mkono wake umezoea kuzungushia kila kitu mstari.

Kijana wa Katuba: Aksanti. Sasa turubai iwe ya ukubwa gani, na tabaka la kwanza nilitie vipi?

Yaya Kamalondo: Ya Velázquez ni kama sentimita 81 kwa 70. Wewe chora kichwa na kola tu. Anza na kahawia iliyolainishwa kwa tapentaini, penye mwanga futa kwa kitambaa. Ikikauka, matabaka ya juu yaongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, rangi itapasuka baadaye.

Mama Burashi: Na kabla ya rangi ya pili, tuwekee hapa picha ya hiyo kahawia. Vivuli vikikaa vibaya, ni rahisi kuvirekebisha hapo.