Mrejesho: sakafu ya Camaro na giaboksi ya manyuali

Wakuu, niliuliza kama nigonge au nikate mwinuko wa katikati wa sakafu ya gari langu, Camaro ya 1969, ili giaboksi ya manyuali ya T56 yenye gia 6 iingie badala ya otomatiki. Nimekata. Giaboksi hii ni kubwa, na bati likigongwa kiasi hicho lingechanika.

Ushauri ulionisaidia zaidi ni wa kufunga kwanza injini kwenye maunti (vishikizo) zake, kuinua giaboksi kwa jeki mpaka pembe yake ioane na ya difu ya magurudumu ya nyuma, ndipo ushike grinda. Pembe zikipishana, propela (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) itatetema gari likishika kasi.

Nimeacha nafasi ya kidole pande zote, maana injini hucheza unapoachia klachi. Kiraka ni bati la milimita 1.2, nililolikata kwa kufuatisha kadibodi. Kuchomelea ndiko kunakotaka subira: doa hapa, doa upande wa pili, kisha unangoja mpaka bati lishikike kwa mkono. Ukivuta mstari mmoja mrefu, linajikunja. Baada ya hapo silanti ya kuzuia maji juu na chini, kwani zulia likilowa, kutu huanza bila wewe kuiona.

Kijiti cha gia kimetokea pazuri, nimefurahi mno! Bado ukuta wa mbele, kati ya injini na abiria, inapofungwa silinda ya klachi. Bati lake hubonyea pedali ikikanyagwa, kwa hiyo naliongezea kipande cha chuma nyuma. Asanteni sana nyote.