Kura ya kubomoa flati za halmashauri London: aliyenunua flati yake ajilinde vipi?

Wakuu, naomba ushauri. Tangu Julai 2018, mradi wa London unaobomoa nyumba za jamii (za kupangisha kwa bei nafuu, kama hizi za halmashauri) na kujenga mpya 150 au zaidi haupati fedha za Meya bila wakazi kupiga kura, kuanzia miaka 16.

Tatizo ni aliyenunua flati yake kwenye jengo litakalobomolewa. Akiwa ameishi humo mwaka mzima, hulipwa bei ya soko na nyongeza ya asilimia 10, yenye kikomo. Flati mpya palepale huwa ghali zaidi, na benki husita kumkopesha anayekaribia kustaafu. Akipewa umiliki wa sehemu ya flati mpya, bila kulipa kodi ya pango kwa sehemu iliyobaki, ofa ya mwenye nyumba kwa wakazi iandikwe vipi kabla ya kura? Akifariki, watoto watarithi kwa masharti yaleyale? Hapo ndipo maandishi ya ofa huwa ya mkato mno.