Vitufe vya laptop kung'aa na kulika: kifuniko cha silikoni, stika, kibodi mpya au kibodi ya nje?

DadaSteshenari (Mwanjelwa, Mbeya)

Wakuu, habari za majukumu. Nina steshenari hapa Mwanjelwa na kazi yangu kubwa ni kuchapa: barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, katiba za vikundi vya vikoba, na msimu wa utafiti ukifika, ripoti za wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya. Nikifungua duka asubuhi vidole viko kwenye laptop mpaka nafunga.

Ilipokuwa mpya vitufe vilikuwa vyeusi vya kufifia, ukivigusa unasikia ukwaruzo kidogo. Sasa A inang'aa kuliko zote, spesi ina doa upande wa kulia pale dole gumba linapotua, na N imepoteza mguu mmoja. Nikiwasha taa ya juu, safu yote ya katikati inanimulika machoni.

Nimeulizia madukani na kwa mafundi, nimepewa njia nne: kifuniko cha silikoni, stika za herufi, kubadili kibodi yote, au kuchomeka kibodi ya nje ya USB ile ya laptop ipumzike. Kila anayeuza anasifia chake. Naomba wenye uzoefu mnilinganishie. Halafu kuna mdogo wangu ameanza kunisaidia dukani, laptop yake bado mpya kabisa. Hiyo nataka tuilinde kuanzia sasa.

FundiKabwe

Dada, kabla hujatoa hela tambua kwanza mng'ao wako ni wa aina gani. Iko miwili, na tiba zake hazifanani.

Wa kwanza ni mafuta ya vidole. Yanajaza uso wa kitufe, yanakauka, yanashika vumbi. Huo unafutika.

Wa pili ni plastiki yenyewe kulika. Vitufe vingi vya laptop ni plastiki ya ABS. Kiwandani uso wake unaachwa na vinundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni, na hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga mpaka kitufe kionekane kimefifia. Vidole vikipita hapo kila siku, vinundu vinasagika, uso unakuwa laini, mwanga unaruka moja kwa moja kuja machoni. Hapo hakuna uchafu wa kutoa. Kuna kitu kimeondoka, na hakirudi. Ipo plastiki nyingine inaitwa PBT, ngumu zaidi na inachelewa sana kung'aa, ila utaikuta zaidi kwenye kibodi za nje za bei ya juu. Kwenye laptop ni nadra.

Kupima ni hivi. Zima laptop, chomoa chaja. Chukua kitambaa laini kama cha kufutia miwani, kiloweshe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Mafundi simu wengi wanayo, waulizie kwa jina la IPA. Futa A peke yake, iache ikauke, kisha inamisha laptop taa iipige kwa ubavuni. Linganisha na Q. Anayechapa Kiswahili siku nzima hana kazi na Q wala X, kwa hiyo hizo mbili zinakuonyesha vitufe vilivyotoka kiwandani. A ikifanana na Q, yalikuwa mafuta. Ikibaki inang'aa, imelika.

Usimwage wala kupulizia kitu moja kwa moja kwenye kibodi. Kinacholowa ni kitambaa. Na kama herufi zako zimechapwa juu ya kitufe kwa wino, jaribu kwanza kwenye kitufe cha pembeni usichokihitaji.

Mwl_Kihesa (Iringa)

Mimi nasimama na silikoni. Natunga mitihani, naandika maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, na kiangazi cha Iringa mnakijua: upepo na vumbi, hata ukifunga madirisha linaingia. Kifuniko kinazuia vyote viwili, vumbi na vidole. Nakibandua, nakiosha kwa maji na sabuni ya vyombo, nakianika kivulini, narudisha. Vitufe vya chini bado vina weusi wake wa dukani. Mwanzoni unahisi unachapa juu ya mpira, baadaye vidole vinazoea.

FundiKabwe

Mwalimu, sikupingi, ila tumwekee masharti yake.

Kifuniko kiwe cha modeli ileile ya laptop, kilichofinyangwa kitufe kwa kitufe. Zile karatasi bapa zinazouzwa kwamba zinaingia laptop zote zinateleza, na mchapaji wa kasi ataruka herufi. Pia baadhi ya laptop huvuta hewa ya kupoza kupitia mianya ya kibodi. Ukiziba, feni inapiga kelele na mashine inakuwa nzito.

La muhimu zaidi ni kioo. Kwenye laptop nyembamba nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo sana. Ukifunga na kifuniko kimo ndani, kinagandamiza kioo. Hapa mezani kwangu zinaletwa laptop ambazo ukizima kioo unaona mistari ya safu za vitufe imejichora juu yake. Kioo ni ghali kuliko kibodi, kwa hiyo aliyekuwa anaokoa kitufe ameishia kulipia kikubwa zaidi.

Mwl_Kihesa

Hilo la kioo ni kweli tupu. Mimi nakitoa kila ninapofunga, nakiweka mfukoni mwa begi. Asiyeweza kufanya hivyo kila siku asikinunue.

Iyunga_Chuo

Wakuu, kuna video zinazunguka, mmoja anasugua vitufe kwa dawa ya meno, mwingine kwa msasa laini ili ule ukwaruzo urudi. Zinasaidia?

FundiKabwe

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, ndizo zinazong'arisha meno. Ukisugua kitufe unazidisha kulika kulekule ulikokuwa unakukimbia.

Msasa unaweza kufifisha plastiki tupu, lakini unaacha michirizi, na kwenye laptop zenye taa chini ya vitufe ni maafa. Vitufe vya namna hiyo mara nyingi ni plastiki inayopitisha mwanga, imepakwa rangi nyeusi juu, halafu herufi ikachongwa kwa leza ndani ya rangi hiyo. Msasa unakula rangi, na usiku taa inavuja pembeni mwa herufi.

Na nimalizie orodha ya visivyoguswa: tina ya rangi, petroli, na dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye asetoni. Asetoni inayeyusha ABS, si kusafisha. Najua wapo mafundi wenzangu wanaosafishia tina kwa sababu inakauka haraka. Ukimwona anaishika, chukua laptop yako. Jiki nayo hapana. Apple kwenye maelekezo yao wanaruhusu kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 na wanakataza dawa za klorini za namna ya Jiki. Hata kama laptop yako si ya Apple, mwongozo huo unafaa.

Binti_Kyela

Mmesahau dawa za mbu. Ninyi wa juu huko baridi inawasaidia, huku bondeni mbu hawana likizo. Dawa nyingi za kujipaka zina DEET, kemikali ya kufukuza mbu, na DEET inashambulia plastiki za aina nyingi. Kwenye laptop ya ofisini kwetu, pale viganja vinapopumzika palikuwa panang'aa na kunata, na alama za vidole zimezama humo kabisa. Ukifuta hazitoki. Ushauri wangu: jipake, kisha nawa viganja na vidole kwa sabuni ndipo uguse mashine. Mikono na shingo zibaki na dawa, vidole visiwe nayo.

Iyunga_Chuo

Na sanitaiza je? Wateja wengi wanajipaka ndipo wanashika kompyuta.

Binti_Kyela

Sanitaiza ya jeli mara nyingi inawekewa gliserini ili isikaushe ngozi. Spiriti inaruka, gliserini inabaki kwenye vitufe. Isubiri ikauke vizuri mikononi, au nawa tu kwa maji.

Mlima_Njombe

Kamwene wakuu. Mimi naliona tatizo la dada linaanzia mikononi. Juni na Julai huku kwetu asubuhi unaweza kukuta barafu kwenye majani, na Mbeya nako si haba. Ngozi inapasuka, kila mtu anajipaka Vaseline au gliserini kuanzia usoni mpaka vidoleni. Kisha tunakaa kuchapa. Ndipo kiangazi kinaleta vumbi, linanasa kwenye yale mafuta, na kila ukigonga kitufe unasugua mchanganyiko wa mafuta na mchanga. Hiyo ni kama kumpa fundi seremala msasa na kumwambia apige taratibu mwaka mzima.

Kwa hiyo kwa laptop ya mdogo wako nisingenunua kitu kwanza. Ningemwekea ratiba: mafuta ajipake akitoka nyumbani, akifika dukani anawe viganja, na jioni apitishe kitambaa kikavu juu ya vitufe kabla ya kufunga. Kwa IPA afute mara mojamoja tu mafuta yakionekana, maana kufuta nako ni kusugua.

Na kwako wewe unayekaa meza moja siku nzima, jibu langu ni kibodi ya nje. Laptop inue juu ya boksi la karatasi za A4 mpaka kioo kilingane na macho, kibodi ya USB iwe mezani. Shingo inapona pia, na hilo kwangu lina uzito kuliko mng'ao wenyewe. Kibodi ya waya haihitaji betri, na ikilika baada ya muda unanunua nyingine bila kufungua mashine. Kasoro yake ni nafasi ya meza, na ukisafiri na laptop unarudi kwenye vitufe vyake.

Mtumba_Tunduma

Nizungumzie stika kwa kuwa nauza laptop za mtumba. Stika ni dawa ya herufi iliyofutika. Kwa mng'ao peke yake sikushauri. Sisi tunazitumia zaidi kwa mashine zilizotoka Ujerumani, ambako Y na Z zimebadilishana, au Ufaransa, ambako pa A pana Q. Chagua za vinili nzito zenye uso wa kufifia, zile za karatasi zinachakaa upesi kwa jasho. Futa kitufe kwa IPA kwanza, kikauke, ndipo ubandike, la sivyo kona zinajikunja na gundi inachafua vidole. Na kama laptop ina taa chini ya vitufe, stika nyeusi itaziba mwanga.

Kwa wanunuzi: muuzaji akikwambia mashine imetumika kidogo, itoe nje juani uitazame kwa ubavuni. Angalia spesi, na kwa iliyotoka Ulaya angalia E, maana Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa vyote vinaitumia sana E. Ukikuta vitufe vipya kabisa lakini sehemu ya viganja na pedi ya kugusia vinang'aa, ujue kibodi imebadilishwa. Si lazima iwe kasoro, ila uliza imebadilishwa kwa nini. Maji ni sababu mojawapo, na yakishamwagika hayaishii kwenye kibodi.

DadaSteshenari

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimepima kama fundi alivyosema. S, K na I zimerudi kufifia, karibu sawa na Q, yalikuwa mafuta. A imebaki vilevile na doa la spesi limepungua tu ukingoni. Kwa hiyo ninayo yote mawili.

Nimeshanunua kibodi ya waya kwa ajili ya meza ya duka. Mimi nachapa bila kutazama, ila mdogo wangu anatafuta herufi kwa macho, kwa hiyo kwenye N nitabandika stika moja, basi. Swali la mwisho kwa fundi: ikija siku ya kubadili kibodi yenyewe, nitajuaje kama ni kazi nyepesi au nitatozwa ya kufungua mashine yote? Chini ya laptop kuna skrubu mbili zenye alama ndogo ya kibodi pembeni.

FundiKabwe

Hizo alama ni habari njema. Maana yake kibodi imeshikwa kwa skrubu na inatokea juu. ThinkPad T480, kwa mfano, iko hivyo: skrubu mbili chini, unaisogeza kibodi kidogo, unaiinua, unachomoa nyaya zake bapa. Ngumu ni zile ambazo kibodi imepigiliwa kwa vishikizo vya plastiki au vya chuma kwenye ganda la juu. Kwenye MacBook Pro nyingi Apple imekuwa ikiuza ganda hilo pamoja na kibodi na betri, ndiyo maana bei inapanda.

Lakini usibadili kwa sababu ya mng'ao. A iliyolika inaandika sawasawa na mpya. Subiri mpaka kitufe kikatae au kianze kujirudia. Siku hiyo hakikisha fundi anakata umeme wa betri ya ndani kabla hajagusa nyaya, na ukiagiza Kariakoo mwombe muuzaji picha ya mbele na ya nyuma kabla mzigo haujapanda basi. Mbele tazama umbo la Enta, maana ya Marekani ni mstari mmoja na ya Uingereza imeshuka safu mbili. Nyuma hesabu nyaya: yenye taa huwa na waya wa ziada, na kama ubao wa mashine yako hauna mahali pa kuuchomeka, taa haitawaka.