Gumzo la Ukoo: Ami na Mbio za Kiangazi Nizwa

Shangazi wa Langoni (Alhamisi, saa 1:45 usiku)
Assalaam aleikum, ndugu zangu na wanangu. Leo nimetembelewa na jirani aliyerudi Lamu kutoka Oman, akanieleza kwamba ndugu yetu wa Nizwa bado anakimbia katika njia za mlimani mwezi huu wa Juni, ilhali joto la mchana huko hufika nyuzi 45. Ametimiza miaka 66. Mimi ndiye dada yake mkubwa, kwa hiyo nina haki ya kumwuliza mbele yenu nyote: kuna kitu gani mlimani ambacho hakiwezi kungoja mpaka Novemba?

Ami wa Nizwa (saa 1:58)
Waaleikum salaam, Dada. Jirani amesema kweli, wala sitakuficha. Nikiacha kukimbia kuanzia Mei hadi Septemba nitakuwa nimeacha karibu nusu ya mwaka, na mwili wa mtu wa umri wangu ukishapoteza nguvu haurudishi upesi. Kijana akipumzika miezi mitatu hurudi alipokuwa kwa wiki chache. Mimi niliposimama msimu mzima kwa ajili ya goti, nilihitaji karibu mwaka. Sikimbii mchana, Dada. Mwezi huu alfajiri yetu huingia kabla ya saa kumi, nami nikishasali huvaa viatu vyangu na kutoka, hivi kwamba jua linapochomoza, kiasi cha saa kumi na moja na dakika ishirini, huwa nimemaliza zaidi ya nusu ya njia.

Baba (saa 2:06)
Kaka, kuna jambo ambalo sijalielewa. Mwezi wa Februari, katika kaskazi, nilitembea kwa haraka ufukweni Shela kuelekea upande wa Kipungani. Joto lilikuwa nyuzi 33 tu, lakini sikumaliza hata kilomita tano, na shati lilinigandama kama niliyetoka baharini. Wewe unaniandikia kwamba siku nyingine unamaliza mbio katika nyuzi 37. Unawezaje, nasi tumetofautiana miaka mitano na wewe ndiye mkubwa?

Ami wa Nizwa (saa 2:19)
Ndugu yangu, jasho halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Kwetu Lamu wakati wa kaskazi hewa imekwisha kujaa maji ya bahari, kwa hiyo jasho linatiririka mpaka kwenye visigino na mwili unapoteza maji bila kupata ubaridi wake. Huku Nizwa, nyuma ya milima, hewa ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaliona. Ndiyo maana naweza kustahimili nyuzi ambazo Lamu zingenilaza.

Lakini hapo hapo ndipo jangwa linapomdanganya mtu. Wewe ulirudi Shela ukiwa umelowa, na shati lako lilikuonya. Mimi namaliza saa moja na nusu fulana ikiwa kavu, na alama pekee ni mistari myeupe ya chumvi kwenye ukingo wa kofia na kwenye mikanda ya mkoba wa maji. Mgeni akijitazama hivyo hudhani hakutoka jasho. Nimejizoeza kutoiamini ngozi yangu, naamini mizani: najipima kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Jumanne nilitoka na kilo 70.2, nikanywa nusu lita njiani, nikarudi na kilo 69.1. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, kwa hiyo nilitoa lita moja na nusu na zaidi kidogo, nami sikuona hata tone.

Na msidhani Oman yote ni kavu. Ufukweni wanapata joto pamoja na mvuke. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku wa manane ukiwa ndani yake. Ningekuwa naishi huko, nisingekimbia nje mwezi huu hata kwa hatua moja.

Shangazi wa Langoni (saa 2:24)
Nimesoma yote, na kila ulichokiandika kwangu ni sababu ya kubaki nyumbani.

Mimi (saa 2:31)
Ami, niwie radhi kwa swali hili. Mwaka jana mwezi wa Julai simu yako ilinyamaza siku mbili, kisha ukatuambia kwamba ulikuwa umechoka. Sikuwahi kuridhika na jibu lile. Je, ulikuwa uchovu tu?

Ami wa Nizwa (saa 2:52)
Haukuwa uchovu. Nimekaa hapa kwa muda nikifikiri kama niandike, na naona ni afadhali mlisikie kwangu.

Siku ile nilikuwa na wageni usiku, nikalala nikachelewa, na badala ya kuiacha safari nilitoka saa kumi na mbili, jua likiwa limekwisha panda. Nilianzia Birkat al-Mouz, nikaingia Wadi al-Muaydin, njia ambayo naijua vizuri. Bonde lile ni jembamba, kuta zake ni mawe yaliyopikwa na jua la jana na juzi, na asubuhi mawe yale bado yanatoa joto, hivyo unapigwa kutoka juu na kutoka pembeni. Mwenzangu, kijana wa miaka 40, alirudi baada ya nusu saa akanisihi turudi pamoja. Nikaona haya. Nasema haya kwa maana yake hasa: niliona aibu kwamba mzee ndiye aonekane ameshindwa, ingawa yeye aliyerudi hakuona aibu yoyote.

Baada ya muda nilihisi baridi. Vinyweleo vilinisimama mikononi katika joto lile, na nikafurahi, nikidhani mwili umepoa. Kisha nikawa nashika chupa yangu na sijui namna ya kuifungua. Niliigeuza mara nyingi. Njia niliyoipita zaidi ya mara mia sikukumbuka inashukia upande gani. Nilishuka kwa kufuata kijani cha mitende tu, na mkulima mmoja aliponiona ninavyoyumba alinishika mkono bila kuniuliza jina, akanilaza katika falaji, ule mfereji wa kale unaogawia kijiji na mashamba maji, yakifika kifuani, akawa ananimwagia kichwani kwa bakuli. Mnajua kwamba maji ya falaji yana utaratibu, kwanza kunywa, kisha msikiti, kisha mashamba, na mtu haogi popote atakapo. Yeye alinipeleka sehemu ya chini, penye mahali pa kuogea, naye hakuniachia mkono mpaka nilipoweza kumtajia majina ya watoto wangu. Hospitalini nililala usiku mmoja.

Shangazi wa Langoni (saa 2:55)
La haula wala quwwata illa billah. Mwaka mzima umelinyamazia jambo hili.

Baba (saa 2:57)
Kaka, ungetuambia. Hatungekulaumu.

Dada Muuguzi (saa 3:20)
Shangazi, Baba, naomba mniruhusu niseme kama muuguzi kabla hatujamlaumu Ami. Mkulima yule alifanya lile ambalo tunafundishwa, kwamba aliyepigwa na joto hupozwa kwanza ndipo asafirishwe, kwa sababu kila dakika ambayo joto la mwili linabaki juu ya nyuzi 40 huumiza ubongo, figo na ini. Maji mengi ya kumtia mgonjwa ndani yake, huku mtu amemshika kichwa kisizame, hushinda upepo na kitambaa chenye maji. Dalili aliyoieleza Ami ya kushindwa kufungua chupa ndiyo kubwa kuliko zote: akili ikichanganyika, hiyo si kiu tena. Watu wengi husubiri mpaka jasho likome ndipo waamini kwamba ni hatari, lakini mtu anayekimbia anaweza kuanguka akiwa bado anatoka jasho.

Sasa suala la umri. Kadiri mtu anavyozeeka, tezi za jasho hutoa jasho pungufu, na damu haiendi kwenye ngozi kwa wingi kama ya kijana, kwa hiyo mwili hupungukiwa na njia zake zote mbili za kutoa joto. Figo hazihifadhi maji kama zamani. Na lililo baya zaidi, kiu hufifia. Ami anaweza kuwa amepungukiwa na lita nzima bila kutamani maji. Mtu wa miaka 66 akisema atakunywa akisikia kiu, amekwisha chelewa.

Ami, nijibu kwa ukweli: bado unatumia kidonge cha shinikizo la damu, kile kinachokukojosha asubuhi? Na goti, unalimezea nini?

Ami wa Nizwa (saa 3:27)
Natumia kidonge hicho kila siku. Kwa goti, humeza ibuprofeni kabla ya mbio ndefu.

Dada Muuguzi (saa 3:41)
Basi hapo ndipo ninapoogopa, kuliko jua lenyewe. Kidonge kile hutoa maji na chumvi mwilini, kisha jasho linatoa tena, kisha ibuprofeni inapunguza damu inayoingia kwenye figo wakati zenyewe zimekauka. Usiache kidonge cha shinikizo kwa uamuzi wako, Ami. Nenda kwa daktari, mweleze kwamba unakimbia katika joto kwa saa moja na nusu, maana huenda hajui na hajawahi kudhani, naye ataona kama kipimo kibadilishwe, au saa ya kumeza, au dawa yenyewe. Ibuprofeni, nakuomba uiache kabisa siku za mbio. Goti likiuma kiasi cha kuhitaji dawa kabla ya kutoka, siku hiyo haina mbio.

Baba (saa 3:46)
Na je, angekunywa maji mengi tu, lita tatu au nne kabla ya kutoka, asingekuwa salama? Au madafu, ambayo wazee wetu waliyategemea?

Dada Muuguzi (saa 3:58)
Hapana, Baba. Maji matupu mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na ubongo huvimba. Mkimbiaji anayerudi akiwa mzito kuliko alivyotoka amekunywa kupita haja yake, na mizani ya Ami itamwonya pande zote mbili. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, ilhali jasho linapoteza chumvi hasa. Atie chumvi kidogo na ndimu, kama tunavyokunywa nyumbani.

Ami wa Nizwa (saa 4:10)
Binti yangu, nimeyapokea yote, na miadi ya daktari nitaitafuta Jumapili. Nami niseme lililo upande wangu. Tangu mwaka jana nimebadilisha mengi. Mwezi wa Mei naanza na dakika 20 tu kwa siku, nikiongeza polepole kwa wiki mbili, kwa sababu mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema, na chumvi inayotoka hupungua. Mazoea hayo yanapotea kwa wiki chache nikija Lamu wakati wa kusi, kwa hiyo nikirudi Nizwa naanza upya kama mgeni. Sitazami tena saa ya mbio, natazama mapigo ya moyo, na yakizidi 130 natembea hata kama njia ni tambarare. Nchi hii inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, miezi ya Juni, Julai na Agosti, na kama sheria inamhurumia mjenzi mwenye miaka 25, mimi ni nani hata nishindane na jua?

Lakini kuacha kabisa sitaahidi, Dada. Baba yetu alikaa kitini akiwa na miaka 60, na nakumbuka miaka yake kumi ya mwisho ilivyokuwa. Alfajiri ile mlimani, kabla mawe hayajawaka, ndipo ninapojisikia bado ni mtu mzima mwenye miguu yake.

Shangazi wa Langoni (saa 4:22)
Nami nayakumbuka ya baba yetu, mimi ndiye niliyemwogesha. Sitakwambia uache. Nataka mambo matatu. Usitoke peke yako. Bonde lile usiliingie mpaka Oktoba. Na kila asubuhi uandike hapa unapotoka na unaporudi, ili saa ikipita tujue pa kukutafuta.

Ami wa Nizwa (saa 4:29)
Nimekubali, yote matatu. Kijana yule aliyerudi bado yuko, na kesho nitamwomba radhi pia. Julai tutapanda gari mpaka uwanda wa Saiq, Jebel Akhdar, takriban mita 2,000 juu ya bahari, ambako joto hupungua sana kuliko hapa chini.

Ami wa Nizwa (Ijumaa, saa 9:10 alfajiri kwa saa ya Lamu)
Tunatoka, wawili, kilo 70.4. Njia ya mashamba ya mitende, kilomita 8, maji lita moja na nusu yenye chumvi na ndimu. Sikumeza kitu kwa goti.

Shangazi wa Langoni (saa 9:12)
Niko macho.

Ami wa Nizwa (saa 10:21)
Tumerudi. Tulikata njia kwa kilomita 6, kwa sababu mapigo yalipanda mapema, na mimi ndiye niliyesema turudi. Kilo 69.9.